Nikifuta, Kifutike

Kwanza niliseme moja, maana nawajua watu wa mji huu wanavyopenda kuongeza chumvi: ule mtambo sikuununua kwa kujionyesha. Niliyasikia yote. Ati nimepata vijipesa vya mirathi vikaniwasha mkononi, ati mwanamke mtu mzima kama mimi anataka nini na sanduku la kompyuta linalotumiwa na mabenki. Waache waseme. Mimi nilikuwa na shida, na shida yenyewe ilianza na bi harusi mmoja niliyempoteza.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi za wanawake. Asiyejua mambo ya kwetu hudhani ni kazi nyepesi, unashika kamera, basi. Lakini usiku wa kupamba, bi harusi anapokalishwa jukwaani mbele ya wanawake wenzake, ukumbini hamna mwanamume hata mmoja. Mabuibui yamevuliwa, nywele zi wazi, magauni yanang'ara, watu wazima wanacheza mpaka leso zinawadondoka viunoni. Simu za wageni huachwa mlangoni ndani ya vikapu. Anayepiga picha ni mmoja na wanawake wake, na huyo sharti awe mtu ambaye mji mzima umemwamini. Hapa kisiwani, tangu nina nywele nyeusi hadi leo, mtu huyo ni mimi.

Tena video yenyewe watu hawaichukui. Hapo ndipo wageni hushangaa. Nyumbani kuna shemeji, kuna watoto wa kiume, kuna fundi wa televisheni anaingia na kutoka. Basi huiacha kwangu. Bi harusi akitaka kuiona huja na mamake na dada zake alasiri, wakaketi katika chumba changu cha chini, katika nyumba yetu ya urithi huku Mji wa Kale, wakapiga chai na mahamri, wakajitazama. Na aliyemo ndani ya picha, hata awe mgeni tu aliyepita nyuma ya jukwaa, ana haki ya kuja kuniambia, "Nitoe." Nami humtoa. Sikuulizi sababu. Pengine umenenepa, pengine umeachwa, pengine mumeo mpya hataki. Mimi hutoa, nikafuta, na hakuna atakayekuona tena milele.

Sasa, mambo haya yote nilikuwa nikiyaweka kwenye diski za zamani, zile zinazozunguka. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, na umeme unaokatika ukirudi kwa kishindo, zilikuwa zikifa moja baada ya moja. Ukitaka kufungua harusi moja unangoja mpaka chai inapoa. Kumtoa mtu mmoja ilikuwa kazi ya siku nzima, mashine inanguruma chini ya ngazi, na kiyoyozi kinakula umeme kuipoza. Nilizoea. Mtu huzoea chochote. Mpaka diski moja ilipokufa na harusi ya binti wa watu ndani yake, na nakala yake nayo ilipofunguliwa ikawa haisomeki. Mamake alikuja, akaketi pale pale anapoketi kila mtu, nikamwambia. Hakunitukana. Angenitukana ningepoa. Alijifunga buibui lake, akatoka, na hadi leo tukikutana njiani Makadara huvuka upande wa pili.

Ndipo nikamwita yule kijana muuzaji. Alitoka kampuni moja ya Nairobi, mpole, shati limepigwa pasi, kila neno "mama, mama". Akanieleza kuwa kuna mitambo ya flashi tupu, haina kitu kinachozunguka, haina kelele, haipati joto la kuchoma nyumba, na kufungua kitu ni kufumba na kufumbua. Bei yake aliitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja msiba. Lakini, akasema, bei isinitishe, maana mtambo huo hubana vitu. Unachoweka kikubwa, wenyewe unakikunja, unakikamua, kinakuwa kidogo mara kadha wa kadha. Kwa hivyo ninunue mdogo, utanitosha kama mkubwa, na hela yangu itarudi mapema. Wateja wake wote, mahospitali na mabenki, ndivyo wanavyofanya.

Akaomba kitu kimoja: atazame nilichonacho kwenye zile diski, aone kinabanika vipi, kabla hajakata kipimo.

Nikamwambia la.

Akasema hatatazama picha, ataendesha tu kijiprogramu kinachopima. Nikamwambia kijiprogramu chako kina macho au hakina? Nikamwambia mwanangu, humu ndani mna mama za watu, na kama umeoa humu huenda mna mkeo. Mwanamume hagusi. Akainamisha kichwa, akaandika kipimo kwa kukisia. Na leo akija mwingine na ombi lile lile nitamjibu vile vile, nalisema waziwazi asije mtu akafikiri nimejuta.

Nilimpa na sharti la pili. Mitambo hiyo ina tabia ya kuweka kumbukumbu, ukifuta kitu leo waweza kukirudisha kesho. Nikamwambia aiondoe. Mimi nimewaahidi watu. Mwanamke akija kuniambia nitoe, siwezi kumwambia nimekutoa huku upo kwenye kona ya mashine unangoja kuitwa. "Nikifuta, kifutike," nilimwambia. Alijaribu kunieleza kuwa hiyo ni kinga yangu mwenyewe, watu hukosea. Nikamwambia mimi sikosei katika kufuta. Akaiondoa.

Na sheria ya tatu ilikuwapo zamani, haikumhusu yeye: nyumbani kwangu hakiingii wala hakitoki kitu cha kuhifadhia kinachoweza kutiwa mkobani. Hakuna diski ndogo, hakuna flashi za mfukoni, na simu huachwa kikapuni mlangoni, iwe ya mteja, iwe yangu; kadi za kamera tu ndizo hupita, kwa hesabu, nazo hutoka zimesafishwa. Kuna mji mmoja wa pwani, sitautaja, ambako kitu kidogo kama kidole kilitoka studio moja na mkobani mwa msichana, na ndoa tatu zikavunjika. Yule mwenzangu anayekata na kuunganisha picha, mwanamke wa Majengo, mtu mzima mwenye akili zake, nimemwamini kuliko nafsi yangu, na bado kila jioni hunifungulia mkoba mwenyewe bila kuambiwa.

Hela ya mtambo sikuwa nayo yote. Nusu alitoa kakangu.

Kakangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na kichwa chake ni cha dukani: kila kitu kina siku ya kuingia na siku ya kutoka. Nyumba yetu tuliachiwa na mama. Kwa mirathi yeye ana mafungu mawili, mimi moja. Yeye na mkewe na wanawe wako juu, mimi niko chini. Alikuwa na hamu ya kile chumba changu kwa muda mrefu, akifanye vyumba vya wageni, wazungu wanaotaka kulala chini ya boriti za kale. Basi tulipokaa kuzungumza alinipa nusu ya hela kwa neno moja: mwaka mmoja. Mwaka ukiisha nimwonyeshe mtambo umefanya nini cha kulingana na bei yake. Nikishindwa, chumba cha chini ni chake, nami nitafute pengine pa kuwaketisha wanawake wangu. Pengine wapi? Mji mzima umezoea mlango huu. Mwanamke wa watu hatapanda ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi kwenda kujitazama nywele wazi.

Nilikubali. Tulipeana mkono.

Lakini oneni shida ya kakangu, maana nami namwonea haki. Mwenye duka hutaka kuona bidhaa. Yeye ametia hela katika kitu ambacho si halali yake kukitazama. Akiniuliza mtambo unafanya nini, namwambia unafungua harusi. Ipi? Zote. Nionyeshe. Siwezi, mna wake za watu. Akishuka, na hushuka kwa kuacha simu yake kikapuni huku akinung'unika, huona sanduku jeusi na taa ndogo za kijani, halina hata sauti. Ile ya zamani angalau ilinguruma, mtu akajua inafanya kazi. Hii akaisogelea, akaitegea sikio. "Imewaka hii?" aliniuliza. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Na ilikuwa imewaka, wallahi. Miezi ile ya kwanza sitaisahau. Asubuhi ya baada ya kupamba, harusi ilikuwa tayari kutazamwa. Mama wa pande zote mbili wanaketi, mmoja anasema yule aliyevaa zari mtoeni, na kabla hajamaliza kikombe ametolewa. Harusi nilizokuwa nikizikataa kwa kukosa wakati nikawa nazikubali. Bili ya umeme ilishuka, kiyoyozi nikakizima nusu ya siku. Nilikuwa nawaonyesha wanawake namna ya kufuta: mwenzangu akibonyeza, kwisha, hata kupepesa jicho hujapepesa. Walikuwa wakipiga makofi. Nami nikimwona kakangu ngazini nikimpungia mkono kama niliyeshinda.

Kisha mwenzangu wa Majengo akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Siku moja akaniita, akanionyesha kwenye skrini mstari wa buluu unaoonyesha nafasi. Ulikuwa umepita nusu, na zaidi. Nikamwambia mashine hubana, itajibana. Akasema haibani. Tangu tuianze haijabana chochote.

Nilimpigia yule kijana, nikampigia kwa hasira. Aliniuliza kwa upole kama nilichoweka ni video tupu. Nikamwambia kwani ulidhani ni nini, mchele? Akashusha pumzi. Akanieleza, na kwa haki yake alitafuta mfano wa jikoni ili nielewe: kamera zenyewe huwa zimeshazikamua zile picha zinapozipiga. Mtambo wake hukamua nazi. Mimi nimeupa machicha. Karatasi za benki zina tui ndani yake, zinabanika, video haina. Angejua angenipimia mtambo mwingine, mkubwa zaidi.

"Ndiyo maana niliomba kutazama, mama," alisema.

Nilikata simu.

Dawa ilikuwapo: kuongeza. Kuna sehemu wazi mbele ya ule mtambo za kuchomeka flashi nyingine. Lakini kuongeza ni hela, na hela nyingine ni kwenda kwa kakangu, kumwambia hata mwaka haujatimia na kile ulicholipia hakitoshi. Ningekuwa nimemkabidhi chumba kwa mkono wangu. Hata siku zile zile nilimkuta fundi wake wa ujenzi yuko chini, anapima ukuta wangu kwa utepe, anapiga mluzi. Nikamwuliza anapima nini. Akasema ameambiwa pataingia bafu mbili. Nilimtoa kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Basi tukaanza kuwinda nafasi. Mabaki ya picha za kukatwa, yale ambayo wenyewe walishaturuhusu, tuliyafuta. Tukaitisha familia moja moja, je, hii ya shangwe la hina tuibakishe? Wengine walisema futa, wengine walilia. Siwezi kufuta cha mtu bila idhini yake. Ni amana, haina mjadala. Na mara ikaingia mfungo mosi, mwezi wa harusi, watu wanaoana kama walioambiwa ndoa zitapigwa marufuku. Kila kadi ya kamera tuliyoimimina mtamboni, mstari ule ulisogea. Nililala na kuamka nao. Nikishika tasbihi nauona. Nikila nauona.

Na harusi ya mwisho ya mwezi ule, Jumapili, ilikuwa ya binti wa kakangu. Kesho yake, Jumatatu, ndiyo siku tuliyopeana ya hesabu.

Nilikuwa nimeipimia nafasi yake, nimeiweka kando kama mtu anayeficha kitoweo cha mgonjwa. Lakini harusi ya Jumamosi ilikuwa ya watu wenye uwezo, wakataka kamera zaidi, wakacheza zaidi, na ikamega nafasi ile. Jumapili adhuhuri wanawake wangu wa kamera waliniletea kadi za shughuli ya asubuhi, bi harusi akisingwa juu, akisuguliwa manukato mwili mzima, nyumba nzima inanuka liwa na asumini. Mwenzangu akachomeka kadi ya kwanza. Ikaingia nusu, ikasita. Likatokea neno jekundu. Mtambo umejaa, na ukijaa hauandiki hata herufi moja, unakubali kusoma na kufuta tu.

Nikamwambia achomoe, achomeke tena; neno lile lile.

Kadi zilikuwa zote zimejaa. Sharti zimiminwe, zisafishwe, zirudi kwa wanawake wangu ukumbini kabla ya kupamba, na wao walikuwa wameketi sebuleni wakizingoja. Maduka yanayouza kadi za namna ile Jumapili yamefungwa. Kompyuta zetu hazina pa kuweka kitu ndani yake, nilipaondoa mwenyewe kwa sheria ile ya tatu. Mtambo wa zamani nilimpa kijana yule apunguze bei ya mpya, baada ya kuzivunja diski zake kwa nyundo. Nikawapigia simu wateja wawili watatu kuomba idhini ya kufuta chao. Nani atapokea simu Jumapili ya harusi? Wote wako kwa wapambaji, mikono imejaa hina.

"Iko moja ambayo si ya mteja," mwenzangu alisema, macho yake yako chini.

Nilijua anasema ipi. Nilikuwa nikijizuia kuijua.

Mwaka wa mwisho wa maisha ya mama nilinunua kamera kubwa, na kila nilipotaka kuijaribu nilikuwa nikiiwasha mbele yake. Yeye alikuwa hapendi kukaa juu peke yake, akashuka kila siku chumba cha chini, akaketi kwenye mkeka, akatunga vikuba, vile vishada vya asumini vya maharusi. Nikiiwasha kamera, ninasahau kuizima. Saa na saa za mama. Anatunga, anazungumza nami niliye nyuma ya kamera, anasinzia, anaamka, anaendelea na neno alilolala nalo. Nilizipiga kwa kipimo cha juu kabisa cha kamera ile, saa zile zote za mama kwa pamoja zikala nafasi ya harusi nzima. Sikumwonyesha mtu. Mimi mwenyewe nilizifungua mara mbili tu tangu tumzike, na mara zote sikufika mbali.

Zilikuwa zangu. Ningeweza kubonyeza, nikanyamaza, na kakangu asijue kamwe. Lakini mama si fungu langu peke yangu. Kama ni kwa mafungu, yeye ana mawili.

Nikamtuma mtu amwite.

Alishuka na kanzu yake mpya ya harusi, amechoka, ana furaha ya baba anayemwoza bintiye. Akaitia simu kikapuni mwenyewe. Mwenzangu alijifunga vizuri, akabaki pale kwenye kibodi. Nikamwambia kakangu moja kwa moja, maana ningezunguka ningelia.

"Kaka, mtambo umejaa."

Aliutazama, akanitazama. Nilingoja aseme lake. Haki yake ilikuwa kusema.

"Umejaa kabla ya kesho," alisema.

"Umejaa. Na harusi ya mwanao haiingii. Nina kitu kimoja tu cha kufuta, na si changu peke yangu. Humu ndani mna mama."

"Mama yupi?"

"Mama."

Hakuelewa, nikamweleza. Aliketi, akaketi pale pale wanapoketi wanawake, pindo za kanzu amezikusanya. Nikampa ishara mwenzangu. Kakangu alikuwa bado anajiweka sawa kwenye kiti na mama tayari yuko mbele yake, mkubwa, leso imemwanguka begani, sindano mkononi, ua la asumini katikati ya vidole. Ile ya zamani ingempa muda wa kujikaza. Hii haikumpa.

Mama alitunga maua mawili matatu. Kisha akainua uso, akanitazama mimi wa wakati ule.

"Nduguyo meshakula?"

Sauti yangu ikamjibu kwamba ameshakula.

"Mwongo wewe. Hajala. Akila huja akaniaga." Akarudi kwenye maua yake.

Kakangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata makaburini. Ni kweli ilikuwa tabia yake. Alikuwa akishatoka kula, kabla ya kurudi dukani, hupita kwa mama mlangoni akamwambia, "Nimeshakula, mama," ndipo aende. Nilikuwa nimesahau. Nadhani na yeye alikuwa amesahau.

Tukatazama. Sijui kiasi gani. Mama alisinzia, akaamka. Juu yetu wanawake walikuwa wakipiga vigelegele, sakafu inatikisika. Kisha wanawake wangu wa sebuleni wakabisha mlango: bi harusi anauliza, kadi ziko tayari? Gari la ukumbini limeshafika. Nikawaambia wangoje. Wakabisha tena.

Kakangu akaniuliza kama haiwezekani kumpunguza mama, kumweka pengine. Nikamwambia hakuna pengine, mtambo hauandiki, na harusi inataka nafasi yake yote. Nilimwona anahesabu, kichwa kile cha dukani kinafanya kazi, na kila alikokwenda hakukuwa na njia.

Akasimama. Akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu.

"Futa," alisema. "Mwanangu yuwangoja."

"Una hakika, kaka?"

"Futa, dadangu. Hata yeye angesema futa."

Akageuka kwenda mlangoni. Nikamtazama mwenzangu, naye akanitazama, nikainamisha kichwa. Akabonyeza.

Kakangu alikuwa ameshika pazia. Alisimama.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo. Pale pa kula tu. Nitieni kwenye simu yangu pale tu anaposema sijala."

Simu yake ilikuwa hapo kikapuni, hatua chache. Kipande kile kingeingia. Kidogo mno, kingeingia bila taabu yoyote, na ningeivunja sheria yangu mwenyewe kwa mikono miwili. Mwenzangu alikuwa ameshaondoa vidole kwenye kibodi na kuviweka mapajani.

"Imeshakwenda," alisema.

"Mara hii?"

Alirudi, akauinamia mtambo, akautazama kwa karibu. Taa zilezile za kijani, kimya kilekile. Ule wa zamani kufuta kitu kikubwa kama kile ulikuwa ukigugumia mpaka mtu aende jikoni arudi, na katikati yake ungeweza kusema acha, ukaacha, ukaokoa kilichobaki. Kasi ile niliitangazia mji mzima. Kwa kasi ile niliwapigisha watu makofi.

Nikasikia mwenyewe nasema, kwa sauti kavu, "Miminani kadi." Zikamiminwa. Zikaingia zote, upesi, bila kusita.

Usiku ule kupamba kulifana. Binti alipendeza hata watu wakasahau kucheza. Nilifanya kazi yangu, sikumwaga chozi, kamera haitaki mkono unaotetemeka.

Jumatatu asubuhi nilimpigia yule kijana wa Nairobi. Nilikuwa na tumaini la kijinga, kwamba labda aliacha mahali pa siri, labda hakuondoa kila kitu nilichomwambia aondoe, vijana wana ujanja wao. Nikamwuliza kama kuna namna ya kurudisha. Akaniambia kwamba aliondoa yote, kama nilivyotaka, na kwamba anasikitika. Nilimwambia amefanya kazi vizuri. Na alikuwa amefanya.

Alasiri kakangu alishuka kwa hesabu yetu. Nilikuwa nimejitayarisha: harusi nilizozikubali ambazo zamani ningezikataa, umeme uliopungua, wanawake waliotolewa siku ileile. Nilikuwa na hoja zote na hata kosa la machicha nilikuwa tayari kulieleza. Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Harusi ya mwanangu imo?" aliuliza.

"Imo."

"Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri sana, kaka."

Akaitazama skrini iliyozimwa. "Na mimi siwezi kuiona."

"Huwezi. Wamejaa wake za watu."

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba anajua, aliuliza tu. Akaketi kidogo, pale pale. Ndani ya mtambo ule zimo harusi za mji mzima, na kilichokuwa halali yake kukitazama kilikuwa kimoja. Sikulisema hilo. Nadhani alilifikiria mwenyewe, maana mwisho alinyanyuka akaniambia fundi hatakuja tena, na nikitaka kuongeza nafasi nimwambie bei. Nikamwuliza kama anataka tukae tuhesabu mtambo utarudisha hela lini. Akasema basi, yamekwisha.

Chumba ni changu hadi leo. Tumechomeka flashi nyingine, mstari wa buluu umerudi chini, na mama wa yule bi harusi niliyempoteza nasikia ameanza kuniulizia. Kwa macho ya mwenye duka, nimeshinda.

Lakini kila siku baada ya adhuhuri, mimi na mwenzangu tukiwa kazini, nyayo hushuka ngazi zikasimama nyuma ya pazia. Haingii, maana aghlabu mna wanawake.

"Nimeshakula," husema.

Nami humjibu, "Haya, kaka," ndipo aende dukani.